Usimulizi wa vitabu vya sauti

Usimulizi wa vitabu vya sauti ni kazi ya kusoma kitabu kwa sauti na kukirekodi ili watu wakisikilize badala ya kukisoma kwa macho. Anayefanya kazi hiyo huitwa msimulizi. Ubora wa usimulizi hutegemea matamshi, kasi, vituo, kiimbo, namna ya kutofautisha wahusika, pamoja na usafi wa rekodi yenyewe. Mambo hayo huchangia sana kuamua kama msikilizaji atakielewa kitabu, atakifurahia na kukimaliza, au atakiacha katika sura za mwanzo.

Msomaji wa kitabu kilichochapishwa hujichagulia mwenyewe kasi ya kusoma, sauti za wahusika akilini mwake na mahali pa kupumzika. Msikilizaji hupokea mambo hayo yakiwa yameshaamuliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo msimulizi husimama kati ya mwandishi na msikilizaji, na maandishi yaleyale yanaweza kupendeza au kuchosha kulingana na anayeyasoma.

Historia

Wazo la kurekodi vitabu lina umri sawa na mashine ya kurekodi sauti. Thomas Edison wa Marekani alitengeneza fonografu mwaka 1877, na mwaka uliofuata alitaja vitabu vya sauti kwa ajili ya vipofu miongoni mwa matumizi ya mashine hiyo. Hata hivyo, rekodi za wakati huo zilidumu dakika chache tu, hivyo kitabu kizima hakikuwezekana.

Vitabu kamili vilianza kurekodiwa miaka ya 1930. Nchini Marekani mradi wa vitabu vya sauti kwa vipofu ulianza mwaka 1934 kwa ushirikiano wa Maktaba ya Bunge na taasisi ya American Foundation for the Blind. Nchini Uingereza huduma ya namna hiyo ilianza mwaka 1935, na miongoni mwa vitabu vyake vya kwanza ni riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, na Typhoon ya Joseph Conrad. Santuri moja ilibeba sehemu ndogo tu ya kitabu, kwa hiyo riwaya moja ilihitaji santuri nyingi. Wengi wa wasikilizaji wa mwanzo hawakuweza kusoma maandishi ya nukta nundu, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1952 Barbara Holdridge na Marianne Mantell walianzisha kampuni ya Caedmon mjini New York. Kampuni hiyo ilirekodi waandishi na washairi wakisoma kazi zao wenyewe, wa kwanza akiwa mshairi Dylan Thomas kutoka Wales. Santuri hizo ziliuzwa kwa umma wote, na sauti ya msomaji ikawa sehemu ya sababu ya kuzinunua.

Kaseti zilirahisisha usikilizaji ndani ya gari. Kampuni ya Books on Tape, iliyoanzishwa California mwaka 1975 na Duvall Hecht, ilikodisha vitabu kamili kwa watu waliosafiri masafa marefu kwenda kazini. Baadaye zilikuja CD, kisha mafaili ya kidijitali. Kampuni ya Audible ilianzishwa mwaka 1995 na kununuliwa na Amazon mwaka 2008. Leo vitabu vingi vya sauti husikilizwa kwa simu, mara nyingi msikilizaji akiwa safarini, jikoni au mazoezini.

Vipengele vya usimulizi bora

Matamshi. Msimulizi anatakiwa kutamka kwa usahihi majina ya watu, mahali na maneno ya kigeni. Kosa moja linaweza kusamehewa, lakini jina la mhusika mkuu likitamkwa vibaya litarudi mamia ya mara katika kitabu kizima. Kwa sababu hiyo wasimulizi wazoefu husoma kitabu chote kabla ya kurekodi na kuandaa orodha ya maneno ya kuulizia. Mfano ni riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Zimeandikwa kwa Kiingereza lakini zina maneno ya Kiswahili ndani yake. Msimulizi asiyejua kuyatamka humwondoa msikilizaji wa pwani katika hadithi papo hapo.

Kasi. Vitabu vya Kiingereza kwa kawaida husimuliwa kwa kasi ya takribani maneno 150 hadi 160 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kitabu chenye maneno 93,000 huchukua karibu saa 10. Kasi kubwa mno huwanyima wasikilizaji nafasi ya kuelewa, na kasi ndogo mno huwafanya wawaze mambo mengine. Kasi nzuri pia haibaki ileile muda wote: maelezo ya hoja ngumu huhitaji utulivu, na tukio la mbio au ugomvi huvumilia haraka zaidi.

Vituo. Kimya kifupi hufanya kazi ya alama za uandishi. Humwonyesha msikilizaji mahali sentensi inapoishia, mahali aya inapobadilika na mahali mhusika mwingine anapoanza kusema. Msikilizaji haoni ukurasa, hivyo kituo kikikosekana anaweza kuchanganya maneno ya watu wawili.

Kiimbo na mkazo. Kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti katika usemi. Usomaji wenye kiimbo kimoja huchosha hata kama kila neno limetamkwa sawasawa. Kwa upande mwingine, kiimbo kinachorudia wimbo uleule kila sentensi nacho huchosha, kwa sababu sikio huanza kufuata wimbo na kuacha maana.

Sauti za wahusika. Wasimulizi wengi hubadili sauti kidogo kwa kila mhusika. Si lazima kuigiza sana: tofauti ndogo ya kasi, uzito wa sauti au lafudhi inatosha kumtambulisha anayesema. Jambo muhimu ni uthabiti. Mhusika aliyepewa sauti nzito katika sura ya pili hapaswi kuwa na sauti nyembamba katika sura ya kumi.

Ubora wa rekodi. Mwangwi wa chumba, mlio wa feni, ukurasa unaofunuliwa, mate mdomoni na pumzi nzito husikika wazi zaidi kwa anayetumia spika za masikioni. Majukwaa ya kuuzia vitabu huweka viwango. Kwa mfano, jukwaa la ACX hutaka wastani wa ukubwa wa sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18, na kelele za chinichini zisizidi desibeli -60. Viwango hivyo humwepusha msikilizaji na usumbufu wa kupandisha na kushusha sauti kila sura inapobadilika.

Athari kwa msikilizaji

Athari ya kwanza ni ya uelewa. Msimulizi anayeielewa sentensi huigawa katika vipande vyenye maana, na msikilizaji huipokea ikiwa imepangwa. Msimulizi asiyeielewa hukata mahali pasipostahili, na kazi ya kuipanga upya humwangukia msikilizaji. Sentensi ndefu zenye vishazi vingi ndizo zinazoathirika zaidi, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudisha macho nyuma kama msomaji.

Tafiti kuhusu kusikiliza na kusoma zimetoa matokeo tofauti. Utafiti wa Beth Rogowsky na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa watu wazima sehemu za kitabu kimoja wazisome, wazisikilize, au wafanye yote mawili kwa pamoja. Haukuona tofauti kubwa ya uelewa kati ya makundi hayo. Utafiti wa David Daniel na William Woody wa mwaka 2010 uliona kwamba wanafunzi waliosikiliza somo lililorekodiwa walipata alama za chini kuliko waliolisoma. Tafiti hizo zililinganisha njia mbili za kupokea maandishi. Hazikulinganisha msimulizi mmoja na mwingine. Hata hivyo, zinaonyesha kwamba kusikiliza si jambo moja: kitabu chenye hadithi na somo la darasani havimdai msikilizaji kitu kilekile.

Athari ya pili ni ya umakini. Sauti huendelea hata kama msikilizaji ameacha kusikiliza. Msomaji anayeduwaa hubaki kwenye mstari uleule, lakini msikilizaji anayeduwaa hupitwa na kurasa nzima. Usimulizi unaobadilika kulingana na maana humrudisha, na usimulizi mkavu humwacha aende.

Athari ya tatu ni ya hisia. Sauti hubeba huzuni, hofu, kejeli na mzaha kabla maneno hayajakamilika. Kejeli ni mfano mzuri: katika maandishi msomaji huigundua mwenyewe, lakini katika sauti msimulizi ndiye anayeamua kama itasikika. Akiisoma kejeli kama sifa ya kweli, msikilizaji atamwelewa mhusika kinyume.

Kwa sababu ya athari hizo, kitabu kizuri kinaweza kuachwa kwa ajili ya usimulizi mbaya, na kitabu cha kawaida kinaweza kupendwa kwa ajili ya sauti. Baadhi ya wasikilizaji huchagua vitabu kwa kufuata jina la msimulizi kama wengine wanavyofuata jina la mwandishi.

Kusoma au kuigiza

Tangu miaka ya 1930 kumekuwa na mjadala kuhusu kiasi cha uigizaji kinachofaa. Upande mmoja husema kwamba msimulizi ni macho ya msikilizaji, si mwigizaji. Kazi yake ni kuyafikisha maandishi yalivyo na kumwachia msikilizaji ajenge wahusika akilini kama msomaji yeyote. Msimulizi anayelia, anayenong'ona na kupiga kelele huwa amemwamulia msikilizaji namna ya kuhisi.

Upande wa pili husema kwamba hakuna usomaji usio na tafsiri. Hata sauti tulivu ni uamuzi, na kitabu chenye mazungumzo mengi kikisomwa bila kutofautisha wahusika hakieleweki. Kwa upande huu, uigizaji ni sehemu ya sanaa ya kitabu cha sauti.

Mjadala huu una uzito wa pekee kwa wasiiona. Msikilizaji anayeona asipompenda msimulizi anaweza kuchukua nakala iliyochapishwa. Kwa asiyeona, mara nyingi kuna rekodi moja tu ya kitabu anachokihitaji, na msimulizi huyo ndiye njia yake pekee ya kukifikia. Mwanafunzi asiyeona ambaye kitabu chake cha fasihi kimerekodiwa kwa pupa, huku kurasa zimerukwa na majina yametamkwa ovyo, hufanya mtihani akiwa amepewa kitabu pungufu kuliko wenzake. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa mjini Marrakesh, Moroko, mwaka 2013, ambao ulianza kutumika mwaka 2016, hulegeza masharti ya hakimiliki ili nakala za namna hii zitengenezwe kwa wingi zaidi. Mkataba huo hufungua njia ya kupata rekodi, lakini ubora wa usimulizi hubaki mikononi mwa wanaorekodi.

Aina za wasimulizi

Mwandishi mwenyewe. Waandishi mara nyingi husoma vitabu vinavyohusu maisha yao. Barack Obama alisoma mwenyewe Dreams from My Father, kinachoeleza pia safari yake ya kwenda Kenya kuwafahamu ndugu wa baba yake, na rekodi hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2006. Trevor Noah wa Afrika Kusini alisoma Born a Crime, kitabu ambacho lugha na lafudhi ni sehemu ya hadithi yenyewe. Usimulizi wake ulishinda tuzo ya Audie mwaka 2018. Faida ya mwandishi ni ukweli wa sauti na ujuzi wa kila jina. Udhaifu ni kwamba kuandika vizuri na kusoma vizuri ni vipaji viwili tofauti, na si kila mwandishi anavyo vyote.

Mwigizaji au msimulizi wa kitaaluma. Riwaya nyingi husomwa na watu wa aina hii. Vitabu vya Harry Potter vya J. K. Rowling vinaonyesha vizuri nafasi ya msimulizi, kwa sababu kwa muda mrefu vilikuwa na rekodi mbili za Kiingereza: ya Stephen Fry nchini Uingereza na ya Jim Dale nchini Marekani. Dale alijulikana kwa kutengeneza sauti zaidi ya 130 za wahusika katika kitabu kimoja. Fry husifiwa kwa usimulizi wa upole unaofanana na mtu mzima anayemsomea mtoto. Maneno ni karibu yaleyale, lakini wasikilizaji wa pande hizo mbili mara nyingi hutetea rekodi waliyoanza nayo na kuiona nyingine kuwa ngeni.

Wasimulizi wengi. Baadhi ya vitabu hugawiwa watu kadhaa. Mfano mkubwa ni riwaya ya George Saunders, Lincoln in the Bardo, iliyotolewa mwaka 2017 ikiwa na sauti za watu 166. Njia hii hurahisisha kuwatambua wahusika, lakini sauti zikiwa nyingi zinaweza kumchanganya msikilizaji mpaka azizoee.

Watu wa kujitolea. Mradi wa LibriVox, ulioanzishwa na Hugh McGuire mwaka 2005, hurekodi vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Mtu yeyote anaweza kusoma, na rekodi hutolewa bure. Kwa hiyo ubora hutofautiana, wakati mwingine kutoka sura hadi sura ya kitabu kimoja. Hata hivyo, mradi huo umefanya maelfu ya vitabu visikike ambavyo kampuni za biashara zisingevirekodi.

Usimulizi katika Kiswahili

Jamii za Waswahili zina mazoea ya zamani ya kusikiliza. Tenzi zilighaniwa mbele ya watu, hadithi zilitambwa usiku, na redio ilieneza michezo ya kuigiza na usomaji wa hadithi. Kwa hiyo wasikilizaji wa Kiswahili wana sikio la kuhukumu sauti, hata kama kitabu cha sauti chenyewe bado ni kitu kipya kwa wengi.

Kiswahili kina mambo kadhaa yanayomtaka msimulizi awe makini.

Kwanza, swali la ndiyo au hapana mara nyingi hutofautiana na taarifa kwa kiimbo tu. "Mtoto amelala" inaweza kuwa habari au swali, na alama ya kuuliza huja mwishoni mwa sentensi. Msimulizi asiyetazama mbele huanza kuisoma kama habari na kugundua kosa akiwa amechelewa.

Pili, mkazo kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini maneno machache huvunja kanuni hiyo. Neno "barabara" likiwa na mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari. Mkazo ukiwa kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa au kikamilifu.

Tatu, kituo kinaweza kubadili maana. "Baba, Asha amekwenda sokoni" ni habari za Asha anazopewa baba. "Baba Asha amekwenda sokoni" ni habari za baba mwenye mtoto aitwaye Asha. Mkato mmoja umebadili aliyekwenda.

Nne, sauti zinazokaribiana hubeba maana tofauti: "thamani" si "samani", "dhana" si "zana", "mahali" si "mahari". Msimulizi ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi "r" na "l" anahitaji mazoezi kabla ya kurekodi. Lafudhi ya mahali si kosa kwa yenyewe. Riwaya yenye wahusika wa Mombasa, Unguja au bara inaweza kunufaika na lafudhi zao, mradi zisifanywe za kukejeli watu.

Tano, tarakimu hufuata ngeli. "Watoto 3" husomwa watoto watatu, "vitabu 3" ni vitabu vitatu, na "miti 3" ni miti mitatu. Maneno ya Kiswahili pia hubeba viambishi vingi: "hawatakuambia" ni neno moja lenye maana ya sentensi nzima. Kwa hiyo kipimo cha maneno kwa dakika kilichowekwa kwa Kiingereza hakiwezi kuhamishwa moja kwa moja.

Mashairi yana changamoto yake. Shairi la arudhi lina mizani na vina, na msomaji anayelisoma kama nathari huyapoteza. Anayegonga kila kina kwa nguvu naye huipoteza maana. Msimulizi mzuri huacha mizani isikike huku sentensi ikiendelea kueleweka.

Sauti za kompyuta

Programu za kubadili maandishi kuwa sauti zimeboreka sana kutokana na akili unde. Januari 2023 kampuni ya Apple ilianza kutoa vitabu vinavyosomwa na sauti za kidijitali. Faida yake ni gharama ndogo na haraka, hasa kwa vitabu ambavyo visingepata msimulizi kabisa. Watu wengi wasioona wamezoea sauti za kompyuta kwa miaka mingi na huzisikiliza kwa kasi kubwa wanapotafuta habari.

Upungufu huonekana zaidi katika riwaya na mashairi. Programu inaweza kutamka kila neno sawasawa bila kujua nani anakejeli na nani anasema kweli. Kwa lugha zenye rekodi chache za kuifundishia kompyuta, makosa ya mkazo, kiimbo na tarakimu huwa mengi zaidi. Pia kuna hofu ya wasimulizi kwamba watapoteza kazi, au kwamba sauti zao zitaigwa bila ruhusa.

Kutathmini usimulizi

Chama cha wachapishaji wa vitabu vya sauti cha Marekani hutoa tuzo za Audie tangu mwaka 1996, na vipo vipengele vya tuzo vinavyomhusu msimulizi peke yake. Jarida la AudioFile, lililoanzishwa mwaka 1992, huhakiki rekodi kwa kuangalia usimulizi pamoja na kitabu.

Msikilizaji wa kawaida anaweza kutathmini kwa njia rahisi. Majukwaa mengi hutoa sehemu fupi ya kusikiliza kabla ya kununua. Inafaa kuangalia kama sentensi ndefu zinaeleweka mara ya kwanza, kama wasemaji wanatambulikana bila kukisia, na kama sauti inaweza kuvumilika kwa saa kumi, si dakika moja tu. Sauti inayovutia mwanzoni kwa madoido mengi inaweza kuchosha baadaye, na sauti tulivu inaweza kuzoeleka hadi msikilizaji akabaki na hadithi peke yake. Kasi ikiwa ndogo mno, programu nyingi huruhusu kuiongeza, lakini kuongeza kasi hakurekebishi vituo vilivyowekwa mahali pasipostahili wala majina yaliyotamkwa vibaya.